Funguo za Sanduku Zikae kwa Nani?

Jumapili alasiri, mtu apitaye Mbagala, Tandika, Manzese au Tandale hakosi kuona jambo hili: chini ya mwembe, au barazani kwa mmoja wao, wamekaa watu ishirini au thelathini, wengi wao akina mama, wamevipanga viti vya plastiki kwa duara, na katikati yao pana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Hicho ni kikoba. Mpita njia aweza kudhani ni jambo dogo la wanawake wa mtaani, akaendelea na safari yake. Sisi twaona kwamba hapo, kuliko katika ofisi nyingi zenye mazulia, mtu aweza kujifunza uongozi ni kitu gani. Tena ndipo awezapo kuona jinsi uongozi unavyooza.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kati yao, watu 3,733,816 walihesabiwa katika Kinondoni na Temeke pamoja na Ubungo na Kigamboni, ambazo zamani zilikuwa sehemu za wilaya hizo mbili. Wengi wa watu hao hawana mshahara wa mwezi. Huishi kwa genge la mboga, kwa cherehani, kwa bodaboda, kwa kukaanga samaki wa Feri. Benki haiwajui, nao hawaijui sana. Ada ya mtoto ikifika mwezi Januari, au mgonjwa akilazwa Temeke au Mwananyamala usiku wa manane, wana milango miwili tu ya kubisha: kikoba, au wale wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wenyewe wamewabandika jina la kausha damu. Basi kikoba kikifa, msomaji asidhani kwamba uliokufa ni mkutano wa Jumapili tu.

Utaratibu wenyewe si wa kale sana. Ulianza Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE. Baadaye ukafika Zanzibar na Bara, na huku kwetu ukajulikana kwa jina la VICOBA. Kabla yake watu wetu walikuwa na upatu, au mchezo kama wasemavyo Dar es Salaam, nao waendelea hata leo: kila mmoja hutoa fedha, na zamu kwa zamu mmoja huzipokea zote. Mchezo humtegemea mtu mmoja aitwaye kijumbe. Kijumbe akiwa mwema, mchezo ni mwema. Kijumbe akihama usiku, mchezo umehama naye. Waliobuni utaratibu wa sanduku walilitazama jambo hilo kwa makini, wakaweka sharti ambalo twaliona kuwa ni la hekima kubwa. Sanduku atalitunza mmoja, bali funguo tatu watazishika wanachama wengine watatu wasio na cheo chochote. Mwenyekiti hana ufunguo. Katibu hana. Hata mweka hazina alalaye na sanduku uvunguni mwa kitanda chake hana.

Tena fedha hazihesabiwi chumbani. Zahesabiwa mbele ya macho ya wote na watu wawili waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Kila anunuaye hisa hugongewa mhuri katika kijitabu chake papo hapo. Mkutano ukikaribia kufungwa, kiasi kilichobaki sandukuni hutajwa kwa sauti, na wote huambiwa wakiweke moyoni. Mkutano ufuatao hauanzi kwa kutoa fedha, bali kwa kuwauliza wanachama: tuliacha shilingi ngapi? Yule bibi asiyejua kusoma, aliyekaa nyuma na mjukuu mapajani, naye hujibu. Kwa hiyo bibi huyo amekuwa mkaguzi wa hesabu, na wala hakwenda chuo.

Sasa kikoba hufaje? Wengi hufikiri kwamba huuawa na mwizi. Wezi wapo, hatukatai. Lakini habari zisikikazo mara kwa mara toka Mbagala hadi Tegeta, ukiziweka pamoja, zafanana kama watoto pacha, na mwanzo wake si wizi. Mwanzo wake ni upendo. Mwenyekiti ni mtu mwema. Hufika kwanza, huondoka mwisho. Mtu akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kujifunga khanga kiunoni na kushika mwiko. Wenzake humwita Mama, hata walio wakubwa wake kwa umri. Siku moja mshika ufunguo mmoja anasafiri kwenda Lindi msibani, anamwachia mwenyekiti ufunguo wake. Nani angeona ubaya? Wa pili huchelewa kila wiki kwa sababu ya foleni ya magari. Basi ili wenzake wasikae wakingoja, na wake nao unawekwa kwa mwenyekiti. Wa tatu anaona haya kubaki peke yake, kana kwamba hamwamini Mama, naye anautoa wake. Daftari linapelekwa kwake likaandikwe upya, maana mwandiko wa katibu haupendezi. Wakati wa uchaguzi unafika, mmoja anasema: tuna haja gani ya kuchagua, na Mama tunaye? Watu wanapiga vigelegele. Siku ile, ndugu msomaji, ndiyo kikoba kilikufa, ingawa maziko yake yatakuja baada ya miaka miwili.

Kwa maana mwanadamu ni mwanadamu. Mtoto wa Mama huyo ataugua kama wauguavyo watoto wote, na sanduku limo chumbani, na funguo zimo mkononi. Atachukua kidogo kwa nia ya kurudisha Ijumaa. Pengine atarudisha kweli. Safari ya pili hatarudisha zote. Ndipo mwanachama mmoja, labda yule kijana muuza chipsi asiyezoea unyamavu wa wakubwa, atauliza mbele ya watu: Mama, shikamoo, lakini mbona hatujasomewa daftari tangu Pasaka? Yafuatayo ndiyo yatuumizayo zaidi. Hatajibiwa na mwenyekiti. Atajibiwa na wenzake. Ataambiwa kwamba hana adabu, kwamba ametumwa, kwamba anakitaka kiti. Atanyamaza. Wiki ifuatayo hatafika, na wengine wawili watatoweka naye kimyakimya. Desemba, wakati wa kuvunja kikoba na kugawana, sanduku litafunguliwa mbele ya watu waliokwisha kuwaahidi watoto wao sare mpya.

Katika habari hiyo aliyekosa ni nani? Mwenyekiti amekosa, hilo halina ubishi. Lakini kosa lake la kwanza si siku ile alipochukua fedha. Ni siku ile alipozipokea funguo. Kiongozi aliyefunzwa kazi yake angemjibu yule msafiri wa Lindi: mpe mwanachama mwingine, kwangu mimi si mahali pake. Watu hudhani kwamba uaminifu wa kiongozi hupimwa kwa mali aliyoishika bila kuiba. Sisi twasema kwamba hupimwa mapema zaidi, kwa yale anayokataa kuyashika. Na tuseme hata kama mama yule asingegusa senti moja maisha yake yote: kwa kuyashika mambo yote mwenyewe amewazoeza wenzake usingizi, na siku atakapohamia Chanika, au Mungu atakapomwita, hakuna atakayejua daftari limewekwa wapi.

Jambo hili si geni katika mji huu. Magomeni na Temeke zilipokuwa zikipimwa na kujengwa kwa ajili ya Waafrika katika miaka ile iliyofuata Vita Kuu ya Pili, mji ulijaa vyama vya kila namna: vya ngoma, vya kuzikana, vya watu wa kabila moja, vya mpira. Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, maana ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na wanawake ndani yake walikuwa wachache mno. Mgeni mmoja wa Chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipofika Dar es Salaam aliwauliza viongozi wanawake wao wako wapi. Aliyetafutwa kwa kazi hiyo alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Shule yake ilikuwa ndogo, wala hakuwa na ofisi. Naye hakusimama mahali pamoja akawaita wanawake wote wa mji waje wamsikilize. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vilivyokuwapo tayari, kikundi baada ya kikundi, na kila kiongozi akawaita watu wake mwenyewe. Katika miezi michache maelfu ya wanawake wakawa wanachama, wakati ambapo waume wengi waliokuwa watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama hicho.

Tuutazame utaratibu huo. Bibi Titi alitambua kwamba uongozi ulikuwako mtaani kabla yeye hajaja, na hakutaka kuuzima ili wake ung'ae. Wangapi miongoni mwetu, tupewapo uenyekiti wa kamati ya shule au wa halmashauri ya walei, tunaanza kwa kuuliza ni nani hapa huwa anasikilizwa na watu, tumwendee? Zaidi twaanza kwa kuagiza mhuri wenye jina letu.

Na mwenzake katika kazi ile, Mwalimu Julius Nyerere, aliyeacha kufundisha shule ya St. Francis, Pugu, mwezi Machi 1955, kisha akaishi Magomeni, alitoa funzo la namna nyingine. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Waziri Mkuu huyo aliacha cheo chake, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda kukijenga chama. Wengi walishangaa, na wengine walidhani pana ugomvi. Mwaka huohuo alitoa kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, ambamo aliwakemea wanachama wenzake kwa tabia ya kulipima neno kwa cheo cha alisemaye, badala ya kutazama kama neno lenyewe ni la kweli. Ndilo lile la muuza chipsi. Hakuna aliyeuliza kama kweli daftari halijasomwa tangu Pasaka. Waliuliza kijana huyu ni nani hata aseme.

Hatusemi kwamba mambo yote ya miaka iliyofuata yalikwenda kwa kipimo hicho. Mwalimu alirudi mwezi Desemba 1962 akiwa Rais, na toka 1965 hadi 1992 nchi ilikuwa na chama kimoja kisheria kwa kila upande wa Muungano, ambamo kupinga hakukuwa rahisi. Bibi Titi mwenyewe alihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiliwa mwaka 1972. Twayataja hayo ili mtu asidhani kwamba funzo jema likiandikwa kitabuni hujilinda lenyewe. Lazima lilindwe na watu, mkutano kwa mkutano.

Kuna tukio jingine ambalo wazee wa viwandani walikumbuka kwa muda mrefu. Mwezi Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kiburi, anasa, dharau na uonevu. Walioandika pengine hawakutazamia kwamba wafanyakazi wangekisoma kwa bidii iliyoje. Katika viwanda vya Dar es Salaam watu waliweka kazi chini, na madai yao mara nyingi hayakuwa nyongeza ya mshahara. Yalikuwa juu ya meneja atukanaye watu, asiyesikia, anayewafanya wazee kuwa watoto. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel waliwatoa wakubwa wao, wakaendesha kazi wenyewe kwa muda. Twaweza kubishana kama walifanya vema au vibaya. Lisilobishaniwa ni kwamba mtu mzima aweza kuvumilia ujira mdogo kwa miaka, na asivumilie dharau kwa mwezi mmoja. Na kiongozi asemaye kwamba watu wake ni wavivu ingefaa kwanza akumbuke jinsi alivyowasalimu asubuhi.

Turudi kwenye viti vyetu vya plastiki. Mwenyekiti afanye nini, basi, ili asiwe yule Mama wa habari yetu? Kwanza ajifunze kunyamaza. Akitoa maoni yake mwanzoni, mkutano umekwisha. Watakaofuata watasema tu kwamba wanamuunga mkono mwenyekiti. Awape nafasi wa mwisho kwa umri na kwa hisa waseme kwanza, yeye afuate. Tumeona mikutano ambayo mwenyekiti alizungumza saa nzima, kisha akalalamika kwamba wanachama hawana mawazo.

Pili, na hili ndilo gumu kuliko yote, aulizwapo juu ya fedha asijibu kwa maneno. Ajibu kwa daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, twasema hivyo kila siku, lakini daftari lililofungiwa kabatini ni sawa na lisilokuwapo. Mwenyekiti mwenye busara humshukuru muulizaji mbele ya watu, hata kama swali limeulizwa kwa ukali, hata kama moyoni ameumia. Moyoni ataumia, hapana shaka. Sisi tulioandika haya tumepata kuongoza kamati ndogo ndogo, nasi tumeulizwa mbele ya watu juu ya risiti iliyokosekana. Twakumbuka jinsi masikio yalivyotuwaka. Risiti ilikuwapo, imo mfuko wa shati lililokuwa likifuliwa nyumbani. Tungalikasirika siku ile, hakuna ambaye angeuliza tena, nasi tungalidhani kwamba tunaaminiwa.

Faini nazo. Kikoba huwa na faini kwa mchelewaji, na kwa yule ambaye simu yake inalia mkutanoni. Mwenyekiti akichelewa dakika kumi, atoe yake kabla ya kuketi, bila kueleza habari za mvua na madaraja ya Jangwani. Fedha yenyewe ni kidogo, lakini wanachama huitazama kuliko hotuba zote za mwaka.

Watu wengine hutuambia kwamba siku hizi mambo haya yameshughulikiwa na sheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya namna hii visajiliwe, na hilo ni jema, maana kikundi kilichosajiliwa kina mahali pa kushitaki na kushitakiwa. Wengine husema kwamba simu imemaliza kazi: fedha haziko tena uvunguni, na kuzitoa kwahitaji idhini ya watu zaidi ya mmoja, kila mmoja kwa namba yake ya siri. Nasi tunaipenda simu. Lakini mwanachama aliyempa mwenyekiti ufunguo wa chuma kwa sababu anasafiri kwenda Lindi, ndiye huyohuyo atakayempa namba ya siri kwa sababu simu yake haina chaji. Msajili hatakuwapo siku hiyo kumshika mkono.

Lingebaki jambo la kuondoka. Watu wetu waona haya kumwondoa mtu aliyewatendea wema. Huona ni utovu wa shukrani. Kwa hiyo kazi hiyo yampasa mwenyewe, na asiifanye kwa kungoja mpaka aombwe. Miaka miwili au mitatu kabla ya kuondoka amtie mwingine katika kazi: amwache aendeshe mkutano mmoja yeye akiwa hapo hapo, amwache akosee, asimsahihishe mbele ya watu. Kisha siku yake ikifika akabidhi kila kitu kwa orodha, na aendelee kuwa mwanachama. Hilo la mwisho ndilo wengi hulishindwa. Akishatoka kitini hanunui tena hisa, haji tena mkutanoni, kana kwamba kikundi kilikuwa na thamani wakati yeye alipokuwa mbele tu.

Tulipata kukaa katika mkutano mmoja upande wa Tandika ambao ulikuwa wa kwanza tangu kubadilisha viongozi. Mwenyekiti wa zamani, mama wa makamo mshona nguo, alikuwa ameongoza miaka minne. Alipofika alikikuta kiti chake mahali pake palepale, karibu na meza, maana mtu alikuwa amekiweka hapo kwa mazoea. Alikibeba akakipeleka nyuma, akakaa jirani na bibi mwenye mjukuu, akampokea mtoto. Mwenyekiti mpya, mwanamke kijana ambaye sauti yake ilitetemeka kidogo, alisimama akauliza: jamani, tuliacha shilingi ngapi? Mikono ikainuka toka pande zote, na wa mshona nguo ulikuwamo.